Andiko la ruzuku kwa mradi wa vitabu vinavyotungwa na watoto (shule ya msingi ya serikali): bajeti ikae vipi, fedha ipitie wapi?

Kona_ya_Kusoma:

Habari wakuu. Naomba msaada wa wenye uzoefu na maandiko madogo ya ruzuku, yale ya chini ya milioni tano, kwa shule za serikali.

Shule ni ya msingi, ipo kijijini mkoani Mtwara. Walengwa ni darasa la tatu na la nne, jumla wanafunzi 164. Mradi wenyewe: watoto wakae makundi ya wanne wanne, kila kundi lichukue hadithi au vitendawili kwa wazee wa kijiji, waandike kwa Kiswahili, wachore, kisha watengeneze kitabu cha kurasa 16, ukubwa wa nusu ya A4. Makundi 41, vitabu 41, na kila kitabu kitolewe nakala tano ili kona ya kusoma iwe na kitu cha kushika mkononi.

Rasimu yangu ya bajeti hii hapa:

Kompyuta mpakato 1: Sh 1,100,000
Printa 1: Sh 450,000
Kamera: Sh 600,000
Tisheti 45 za mradi: Sh 540,000
Posho ya walimu 4 kwa siku 10: Sh 400,000
Chakula siku ya uzinduzi: Sh 200,000
Karatasi, rangi, penseli: Sh 150,000
Jumla: Sh 3,440,000

Maswali. Moja, nani hasa hutoa fedha ndogo kama hizi kwa darasa? Mbili, mwalimu mkuu anasema tuandike namba yake ya simu ili fedha isichelewe, ni sawa? Tatu, mwenye macho makali aikosoe bajeti kabla haijafika kwa mfadhili.

---

Msoma_Maandiko:

Mwalimu, wazo limekaa vizuri. Bajeti ndiyo itakayokuangusha. Gawanya mwenyewe: 150,000 kwa 3,440,000 ni asilimia 4 na ushee. Yaani katika kila shilingi mia unayoomba kwa ajili ya watoto kutengeneza vitabu, nne tu ndizo zinazogusa kitabu. Msomaji wa maandiko huanzia ukurasa wa bajeti, halafu ndipo anarudi kwenye maelezo kuangalia kama yanafanana. Akikuta kamera na tisheti, anajua mradi umeandikwa kuzunguka vifaa vya watu wazima.

Tuipitie. Kamera: walimu wa serikali waligawiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Kinarekodi sauti, kinapiga picha. Mfadhili anayeijua nchi hii atakuuliza hilo swali la kwanza kabisa. Kompyuta na printa: kwa nakala 205 za vitabu hazina kazi, na wino wa printa ndogo utakula fedha yote ya karatasi kabla ya muhula kuisha. Tisheti: futa. Posho: kama kazi inafanyika ndani ya vipindi vya ratiba, hiyo ni kazi ya mwalimu na ana mshahara wake; ukiiacha humo utalazimika kuitetea kwa kila anayesoma. Chakula cha uzinduzi: futa, ila weka nauli na chai ya wazee watakaokuja kusimulia. Hiyo ina hoja, kwa sababu bila wazee hakuna hadithi.

Halafu pigia hesabu hoja ambayo hukuiandika, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hiyo Sh 6,000 ndizo zinazofika shuleni, 4,000 zikibaki kwa ajili ya vitabu vya kiada. Kwa watoto wako 164 ni Sh 984,000 kwa mwaka mzima, na humo humo kuna chaki, mitihani, ukarabati na vifaa vya kuandikia vya ofisi. Andika hivyo hivyo kwa tarakimu. Mfadhili akiona kwamba fungu lote la madarasa mawili kwa mwaka halifiki milioni, ataelewa kwa nini rangi na karatasi hazinunuliki, na hutahitaji kuandika aya mbili za "changamoto".

Andiko lenyewe lisizidi kurasa tatu. Sentensi ya kwanza iseme unaomba shilingi ngapi, kwa watoto wangapi, wafanye nini, kuanzia lini hadi lini. Wengi hapa huanza na historia ya shule tangu ilipojengwa na idadi ya matundu ya vyoo. Iache. Kisha taja mahali mradi unapokaa kwenye mtaala: Kiswahili, na Sanaa na Michezo. Ambatisha azimio la kazi (mpango wa mwalimu wa kufundisha wiki kwa wiki) la muhula huo likiwa na wiki za mradi zimetiwa alama. Karatasi hiyo moja inamwonyesha msomaji kwamba mradi hautakuwa kazi ya Jumamosi itakayosahaulika mwezi wa pili.

---

Leja_Kuu:

Nijibu swali la namba ya simu. Hapana, hapana kabisa, hata kama mwalimu mkuu ni mwaminifu kama dhahabu. Fedha inayotolewa kwa jina la shule ya serikali ni fedha ya umma tangu inapotoka kwa mtoaji. Ikiingia kwenye simu ya mtu, haina stakabadhi, haimo kwenye FFARS (mfumo wa serikali wa hesabu za fedha za shule na vituo), na mkaguzi akija anaandika hoja kwa jina la huyo mwenye simu.

Njia ni mbili, na uchague kabla hujaandika andiko kwa sababu zinabadilisha kila kitu.

Njia ya kwanza, fedha taslimu kupitia akaunti ya benki ya shule. Kamati ya shule inakaa, inaujadili mradi, muhtasari wa kikao unasainiwa na mwenyekiti na katibu. Mwalimu mkuu anaandika barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ikipitia kwa Afisa Elimu Kata, na kwa kumbukumbu ya Afisa Elimu Awali na Msingi. Jipe wiki tatu mpaka nne hapo. Fedha ikiingia inakatiwa stakabadhi, inaingizwa FFARS, na matumizi yake yanahitaji kuwa kwenye mpango wa shule. Hapa ndipo wengi wanapokwama: fedha ipo benki, lakini haikuwamo kwenye bajeti iliyopitishwa, kwa hiyo haitoki mpaka halmashauri ifanye marekebisho. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kama unajua mwezi wa kwanza au wa pili kwamba utaomba ruzuku, chomeka mradi kwenye mpango wa shule wakati ule bajeti zinapoandaliwa, hata kama mfadhili bado hajasema ndiyo.

Manunuzi nayo yanafuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na yanapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Muuza stationari wa mji wa karibu kama hajasajiliwa humo, hutanunua kwake hata akiwa na bei nzuri kuliko wote. Kaulize kitengo cha manunuzi halmashauri nani amesajiliwa, ndipo uende kutafuta ankara kifani (karatasi ya bei anayokupa muuzaji kabla ya kununua). Na mwambie mapema kwamba atakatwa kodi ya zuio asilimia 2 kwenye bidhaa, maana asipojua atakwambia umemlipa pungufu na hatashusha mzigo. Bei zote zichukuliwe zikiwa na VAT ndani yake. Bajeti iliyoandikwa bila VAT inakuta bei zimezidi kwa asilimia 18 siku ya kununua, na kitakachokatwa ni rangi za watoto.

Njia ya pili, mfadhili anunue vifaa mwenyewe na kuvikabidhi. Kwa mradi wa chini ya milioni moja na nusu, njia hii ndiyo ninayoipendekeza. Unampa orodha yenye idadi, kipimo na duka. Yeye analipa dukani, risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) inabaki kwake, shule inapokea mzigo. Lakini kupokea nako kuna utaratibu: kamati ya mapokezi ya watu watatu, asiwemo aliyeagiza vifaa, hati ya makabidhiano yenye idadi ya kila kitu, kila kitu kiingie kwenye leja ya vifaa, na nakala iende kwa mhasibu wa halmashauri ili thamani yake itambuliwe kwenye taarifa. Msaada wa vifaa ambao haumo kwenye leja ni kama haukuja.

Kinachoharibika kwenye njia ya pili ni kipimo. Ukiandika "rangi katoni 4", utaletewa chochote. Andika "krayoni za nta, pakiti ya rangi 12, pakiti 50".

---

Daftari_la_Ugenini:

Huku Marekani kuna DonorsChoose, mwalimu anaandika mradi wa darasa, watu wanachangia kidogo kidogo. Ilianza 2000 kwa mwalimu mmoja wa Bronx. Naitaja kwa sababu kila mara naona walimu wa nyumbani wanajaribu kujisajili: ni ya shule za umma za Marekani peke yake, usipoteze bando.

Ila utaratibu wao unaunga mkono alichosema Leja_Kuu. Hawampi mwalimu fedha. Wananunua wenyewe vitu alivyoorodhesha na kuvituma shuleni kwake. Majukwaa mengine makubwa ya kimataifa ya kuchangisha, kama GlobalGiving, yanataka asasi iliyosajiliwa; shule ya serikali haiwezi kuingia peke yake, labda ipitie kwa asasi ya hapo wilayani. Na asasi hiyo itataka fungu lake la uendeshaji, mkubaliane kwa maandishi ni asilimia ngapi kabla ya jina la shule kutumika.

---

Msoma_Maandiko:

Narudi kwenye nani anatoa, maana ndilo swali lenye upotoshaji mwingi.

Mamlaka ya Elimu Tanzania (TEA) inasimamia Mfuko wa Elimu chini ya Sheria Na. 8 ya 2001. Ni mlango halali kwa shule za serikali, lakini sehemu kubwa ya fedha yake inakwenda kwenye madarasa, vyoo, nyumba za walimu. Mradi wa krayoni utapotea humo. Ubalozi wa Japani una ruzuku ya miradi midogo ya jamii, na "midogo" kwao maana yake jengo na vifaa vizito. Hawalipii matumizi ya kawaida yanayoisha. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unakopesha wasanii, si fungu la darasa. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ni mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, usiiguse.

Kwa kiasi chako, tazama karibu. Mfuko wa Jimbo (uko kisheria tangu 2009) huchukua miradi inayoibuliwa na wananchi kwenye vijiji na kata, na kamati yake inaongozwa na mbunge. Watu huombea mabati na saruji tu kwa mazoea. Pitisha ombi lako kwenye serikali ya kijiji na kamati ya maendeleo ya kata, lifike likiwa na mihutasari miwili.

AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima) ya kijiji chenu. Ukanda wa korosho huu ndio mlango ambao walimu wengi wanausahau. Chama cha msingi kinaweza kuchangia elimu kijijini, lakini lazima ipitishwe na wanachama kwenye mkutano mkuu. Barua ikifika baada ya mkutano, mwenyekiti hata akikupenda mikono yake imefungwa hadi mwakani. Minada huanza Oktoba. Ulizia tarehe ya mkutano wa kupitisha makisio na uwe umeshapeleka barua mwezi mzima kabla.

Matawi ya benki na kampuni za simu huwa na fungu la jamii, lakini maamuzi mengi hufanyika kanda au makao makuu, na wanapenda kitu cha kupigia picha: madawati, kompyuta, ndoo. Ukienda huko omba sanduku la bati na stepla, vitu vinavyobaki. Vinavyoisha viombee kwa AMCOS na waliosoma shule hiyo zamani. Kwa wasomaji wa wilaya zenye migodi: kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya 2017, kinamtaka mwenye leseni akubaliane na halmashauri mpango wa kila mwaka wa huduma kwa jamii. Mradi wenu uingizwe kwenye mpango huo halmashauri. Kumwandikia meneja wa mgodi barua peke yake ni kazi bure.

Tahadhari moja: msiwatoze wazazi. Tangu Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, elimu ya msingi ni bila malipo, na "mchango wa mradi Sh 500 kila mtoto" utamweka mwalimu mkuu pabaya.

---

fundi_karatasi:

Mmesema fedha, mimi niseme karatasi, kwa sababu hesabu ya karatasi ikikosewa bajeti nzima ni ya uongo.

Kitabu cha kurasa 16 nusu ya A4 ni karatasi 4 za A4 zilizokunjwa katikati. Vitabu 41 mara 4 ni karatasi 164. Watoto hawaandiki safi mara ya kwanza. Weka rasimu mbili, zidisha kwa tatu, unapata 492. Yaani rimu moja yenye karatasi 500 inatosha barabara, na ya pili iwe ya akiba. Wengi hununua rimu kumi kwa woga.

Jalada: nakala halisi 41 na nakala tano za kila kitabu ni vitabu 246, kila kimoja jalada la ukubwa wa A4. Manila moja kubwa inatoa majalada 8. Gawa, unapata 31, ongeza za kuharibika, nunua 36.

Kudurufu: vitabu 41, karatasi 4, pande mbili, nakala tano. Ni kurasa 1,640 za mashine. Kwa Sh 100 kwa upande ni Sh 164,000. Mtu atakuambia tumia risografu ya mitihani. Kwa nakala tano usikubali: risografu inachoma masta (stensili ya kuchapia) mpya kwa kila ukurasa, na masta hiyo gharama yake ni ile ile utoe nakala moja au elfu. Inalipa kuanzia nakala ishirini hivi na kuendelea.

Sasa kinachoharibika darasani.

Kwanza, mpangilio wa kurasa. Mtoto akiandika kwenye karatasi bapa, ukurasa wa 1, 2, 3, halafu mkunje, hadithi inavurugika. Karatasi ya nje kabisa inabeba ukurasa wa 16 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 15 upande wa pili. Inayofuata ni 14 na 3, kisha 4 na 13. Ya tatu 12 na 5, kisha 6 na 11. Ya ndani 10 na 7, kisha 8 na 9. Kipimo cha haraka: namba mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi lazima zijumlishe 17. Njia salama ni kukunja karatasi zote nne pamoja kwanza, kuandika namba kwa penseli kwenye kona, ndipo zitenganishwe. Fanya hivyo kipindi cha kwanza, kabla ya neno lolote kuandikwa. (Na darasa la nne wanaipenda hesabu hiyo ya 17, umepata kipindi cha Hisabati bure.)

Pili, penseli na krayoni hafifu hazitoki kwenye mashine ya kudurufu. Michoro na maandishi yapitiwe kwa maka peni nyeusi yenye ncha nyembamba, mbili kwa kila kundi. Rangi ya ndani itatoka kijivu, kwa hiyo kuweni wazi tangu mwanzo: ndani ni mistari myeusi, rangi ni kwenye nakala halisi na kwenye majalada, ambayo watoto wanayapaka kwa mkono yote 246. Hapo ndipo krayoni zinakwisha, siyo ndani.

Tatu, pambizo. Acha sentimita 2 kila upande, mashine inakula ukingo. Mfundishe mtoto kuchora fremu kwa rula kabla ya kuchora sungura, la sivyo sungura atakatwa masikio.

Kufunga: stepla ya kawaida haifiki katikati ya A4. Unahitaji ya mkono mrefu. Kama haipatikani, toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa sindano ya fundi viatu na shona kwa uzi wa nailoni: ingia tundu la katikati kutokea ndani, toka nje, rudi kwa la juu, shuka mpaka la chini ukiwa ndani, toka, rudi katikati, funga fundo. Mshono huo unadumu kuliko pini, na kwa hewa ya chumvi ya pwani pini hupata kutu na kuacha doa jekundu. Kutoboa afanye mwalimu, watoto washone.

Kuhifadhi: maboksi ya karatasi sakafuni ni chakula cha mchwa. Masanduku mawili ya bati, yainuliwe juu ya matofali. Vya kusomwa kila siku vitundikwe kwenye mifuko ya viroba iliyoshonwa ukutani.

---

Kona_ya_Kusoma:

Nashukuru sana wakuu. Nimeikata upya, bei ni za ankara kifani na VAT imo:

Rimu 2: 28,000
Manila 36: 25,200
Krayoni pakiti 50: 125,000
Maka peni nyeusi 90: 90,000
Penseli 200: 40,000
Vichongeo 41 na vifutio 41: 24,600
Stepla za mkono mrefu 2: 90,000
Pini boksi 10: 15,000
Kudurufu kurasa 1,640: 164,000
Viroba, kamba, uzi, vibanio: 60,000
Masanduku ya bati 2: 150,000
Nauli na chai, wazee 8 mara 2: 80,000
Usafiri wa mzigo: 40,000
Dharura (asilimia 7): 65,200
Jumla: Sh 997,000

Ni kama Sh 6,080 kwa mtoto. Nimepanga kuanza Februari mpaka Mei. Je, picha za watoto kwenye taarifa zina shida? Na matokeo niyapimeje bila kudanganya?

---

Msoma_Maandiko:

Sasa hii inasomeka. Kutoka 3,440,000 mpaka 997,000 na watoto wanapata zaidi. Weka hiyo 6,080 kwenye sentensi ya kwanza.

Februari hadi Mei ni sawa kwa kuwa unakwepa upimaji wa darasa la nne mwishoni mwa Oktoba. Lakini angalia mambo mawili. Mvua za huko zinaenda mpaka Aprili na wazee wako shambani asubuhi, kwa hiyo vikao vyao viwe mchana, na Ijumaa adhuhuri usipange. Pili, angalia Ramadhani inaangukia wapi. Utaonekana hujui kijiji chako ukiweka "chai ya wazee" ndani ya mwezi wa mfungo.

Lugha pia. Wazee wengi watasimulia kwa Kimakonde, Kimakua au Kiyao. Rekodi kwanza, halafu kipindi kizima kiwe cha watoto kuisimulia upya kwa Kiswahili kabla ya kuandika. Bila kipindi hicho utapata sentensi tatu na "hadithi yangu imeishia hapo".

Kupima: chukua daftari la mahudhurio, teua kila wa nane, unapata watoto 20. Wiki ya kwanza kila mmoja asome aya moja ya maneno 60 ambayo hajaiona, hesabu maneno sahihi ndani ya dakika moja. Rudia wiki ya mwisho kwa watoto wale wale, na aya nyingine ya ugumu ule ule. Ripoti namba zote, pamoja na za walioshuka. Usiahidi "ufaulu utapanda kwa asilimia 50", hakuna anayeliamini. Ahidi unachokishika: vitabu 41, nakala 205, vipindi 24.

Neno "kitabu" litumie kwa uangalifu kwenye barua rasmi. Vitabu vya kiada na vya ziada vina utaratibu wa ithibati Taasisi ya Elimu Tanzania. Viite zana za kujifunzia zilizotengenezwa na wanafunzi, ofisi ya elimu haitakusumbua.

---

Leja_Kuu:

Picha: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa picha ya mtoto pia. Andaa fomu ya nusu ukurasa kwa Kiswahili, mzazi au mlezi asaini, iseme picha itatumwa kwa nani na itatumika wapi. Asiyesaini, mtoto wake asionekane. Kwa taarifa ya kawaida piga mikono inayoshona na vitabu vyenyewe. Mfadhili hahitaji sura na jina la mtoto pamoja. Majina ya wazee yaandikwe ukurasa wa mwisho wa kitabu kama wamekubali, na wapewe nakala moja kila mmoja. Kwa hiyo nakala zako zipo pungufu 8, ongeza kurasa 64 za kudurufu: Sh 6,400, inatoka kwenye dharura.

Stakabadhi za EFD wino wake unafifia ndani ya miezi. Siku hiyo hiyo uipokeayo, idurufu na ubandike nakala na halisi pamoja kwenye hati ya malipo. Nauli ya wazee haina EFD, hivyo tumia orodha ya malipo yenye jina, kiasi, tarehe na sahihi au dole gumba.

Na kama kitu kimeshuka bei, usijiamulie kununua kingine. Mwandikie mfadhili mistari mitatu: kilichobaki ni kiasi gani, unataka kukihamishia wapi, kwa nini. Subiri jibu la maandishi, lichape, liweke kwenye jalada la mradi. Hata Sh 15,000.

---

fundi_karatasi:

Majalada ya hizo nakala 8 yamo kwenye zile manila 36, zinatoa 288 na ulihitaji 246. Pini punguza boksi 10 ziwe 3: vitabu 254 kwa pini mbili ni pini 508, na boksi moja lina 1,000.

---

Kona_ya_Kusoma:

Zimebaki boksi 3. Barua ya AMCOS inapelekwa Jumatatu, ya kamati ya shule imeshasainiwa.